Farasi Hawatoki Zizini

3 Februari

Shemeji yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, na natumaini goti lako limepunguza malalamiko. Mimi ni mzima. Kazi ni ile ile: mashuka ya hospitali yanaingia machafu asubuhi, yanatoka meupe jioni, na kesho yake yanarudi kana kwamba sikuyafua. Mke wangu anakushukuru kwa gauni. Anasema limemkaa kama vile ulimpima mwenyewe, na tangu alivae amekuwa akipita mbele ya kioo mara nyingi kuliko inavyohitajika. Mtoto wa kwanza amenipita kimo, na viatu vyangu anavivaa bila kuomba.

Najua mwaka haujatimia tangu kaka atutoke, na pengine hutaki kusikia habari za sataranji. Mimi mwenyewe nilikaa miezi bila kugusa kete. Lakini hii ni habari njema, ndiyo maana nimethubutu.

Hapa tuna klabu. Tunakutana Jumamosi katika bwalo la wafanyakazi, meza zikishafutwa. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikicheza ule ufunguzi wa kaka, ule aliokuwa akinitumia kwa barua, na barua zenyewe zikiwa kwa mwandiko wako kwa sababu ya macho yake. Unaukumbuka. Askari wa mfalme anakwenda hatua mbili, mpinzani anatoa wake hatua moja. Askari wa malkia hatua mbili, na mpinzani naye hivyo hivyo. Sasa askari wamekabiliana na mtu anaweza kula. Kaka hali. Anampita mwenzake ubavuni, anasonga mbele. Mpinzani analeta askari wa tatu kuubomoa ukuta, kaka anauegemeza kwa askari mwingine. Ni askari tu, mwanzo mwisho. Farasi wake wote wawili hawatoki zizini mpaka mchezo umekomaa, na wewe unajua jambo la kwanza anayejifunza huambiwa ni kutoa farasi mapema.

Nimeshinda nao mfululizo. Watu wanatazama, hawaelewi wanapigwa kutoka wapi. Katibu wa klabu, mtu anayezungumza kama anasoma taarifa ya habari, akaniuliza ufunguzi huu unaitwaje. Nikamwambia hauna jina, ni wa kaka yangu, kinyozi, marehemu. Akasema kila mwaka klabu inatoa jarida, na safari hii kutakuwa na ukurasa wa funguzi mpya. Wako tayari kuuchapa kwa jina lake: Ufunguzi wa Kinyozi. Jarida linapelekwa kwenye klabu nyingine, na nakala zinawekwa maktaba.

Ila wanataka ielezwe jinsi ufunguzi ulivyokua, pamoja na wazo lake. Kwa nini farasi wabaki nyumbani? Kwa nini asile anapoweza kula? Mimi naucheza kama kasuku anavyosema maneno ya wenye nyumba. Wewe ulikuwa naye chumba kimoja, cherehani yako dirishani na ubao wake kwenye stuli. Alikusudia nini? Jarida linakwenda kupigwa chapa mwezi wa kumi na moja.

Ni mimi shemeji yako,
Dobi

11 Machi

Shemeji, mzee wa sabuni,

Barua yako imefika ikiwa imelowa pembe moja. Nikasema, huyu hata karatasi anafua. Salamu zako nimezipokea, na mkeo mwambie asitazame kioo sana, mshono wa kiuno niliuacha na nafasi kwa makusudi, asije akaugundua. Goti langu linalalamika, nami sijalijibu. Kazi zipo kiasi. Sare za shule zimekwisha, sasa nashona mapazia ya mwenye duka la rangi.

Kinyozini nimefunga. Viti vyote viwili nimevifunika shuka. Kibao chenye jina lake kilikuwa kimeoza misumari, nikakishusha kabla hakijamwangukia mtu, kipo nyuma ya kabati. Huyo huyo mwenye duka la rangi amekuja kuuliza kama nitampangisha chumba cha mbele aweke makopo yake. Nimemwambia nitafikiri. Amekuja tena, nikamwambia bado nafikiri. Sasa anasema anajua wanawake wanaofikiri haraka kuliko mimi, nikamwambia akapange kwao.

Shemeji, nikueleze ukweli. Niliposoma kwamba jina lake litachapwa na kuwekwa maktaba, niliacha sindano katikati ya pindo nikatoka uani nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Sisi hatukujaliwa mtoto. Jina lake lilikuwa mahali pawili tu: kwenye kibao na kinywani mwangu. Kibao kimeshuka, na mimi sina mtu wa kumwita. Kwa hiyo nalitaka jambo hilo. Nalitaka kuliko nilivyotaka kitu chochote tangu tumzike. Naomba ulisimamie.

Ufunguzi ulivyokua ni hivi, nijuavyo. Alipofungua kinyozi alicheza kama watu wote, farasi nje mapema, akila kila anachokutana nacho. Ule mwaka paa lilipovuja juu ya kioo ndipo alipoanza kuwaacha farasi. Kwanza alikuwa anajaribu, akishindwa anacheka. Aliyefungwa alilazimika kusubiri mteja mwingine anyolewe kabla ya kurudi ubaoni, kwa hiyo hakuna aliyependa kufungwa. Baadaye akauzoea, na kila Jumamosi aliongeza kitu. Ukuta ulipokuwa unajifunga katikati, alianza kusukuma askari wake kuelekea upande wa mfalme wa mwenzake, mmoja, mwingine, polepole, kama mtu anayesogeza kabati usiku hataki kuamsha watoto. Na ilipobidi kula, hakugusa kete ya mtu. Alikuwa anamwambia, "Ondoa maiti yako mwenyewe, mimi ni kinyozi, si mchimba kaburi." Duka zima lilicheka. Muuza Magazeti alikuwa anaisema hata barabarani, watu wakimpa noti iliyochanika.

Unauliza alikusudia nini. Mimi kazi yangu ni nguo. Nadhani alipenda ukuta. Waandikie hivyo, kwamba alipenda ukuta, inatosha.

Shemeji yako,
mke wa kaka yako

2 Juni

Shemeji yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mvua imetuandama, mashuka hayakauki, na msimamizi anatutazama kana kwamba sisi ndio tulioileta mvua. Mtoto wa kati alikuwa na surua, amepona, sasa anadai malipo kwa kila dawa aliyokunywa. Mke wangu ameugundua mshono wa kiuno. Anasema utamkoma siku mkionana.

Nilichelewa kujibu kwa sababu sikuwa na la kusema, na sasa ninalo lakini si zuri.

Tuna mwanachama mpya, mama mmoja mhasibu, mkimya, anacheza huku mkoba wake uko mapajani kama mtu anayesubiri basi. Nilimchezea ufunguzi wa kaka. Tulipofika pale ambapo askari wake wa tatu anaugonga ukuta na mimi nauegemeza, yeye hakupita kama walivyokuwa wakipita watu wa kinyozini. Alimla askari wangu. Ikanibidi nile na mimi. Kisha akatoa farasi mmoja, akamtoa malkia pembeni, akatoa farasi wa pili, wote wakamtazama askari wangu mmoja wa katikati. Farasi wangu wako zizini, hakuna wa kumlinda. Askari akaanguka, ukuta wote ukamfuata. Jumamosi iliyofuata nikajaribu tena, akanipiga vile vile. Sasa klabu nzima wamejifunza, hata mpishi wa bwalo ananifunga.

Katibu ameniita pembeni. Anasema ufunguzi unaopigwa unaweza kuchapwa bado, zipo funguzi mashuhuri zinazopigwa, mradi uwe na wazo. Usipokuwa na wazo ni kosa tu, na makosa hayapewi majina ya watu. Kisha akasema kwa sauti yake ya taarifa ya habari, "Pengine marehemu hakujua tu." Shemeji, nilikuwa nimeshika ubao, nikauweka mezani kwa upole ili nisije nikaupeleka kwingine.

Kwa sababu kaka alijua. Mimi ndiye niliyefundishwa na yeye kutoa farasi. Na lipo jambo la pili linanisumbua. Mpima alikuwa mteja wake kila wiki. Yule mzee, kabla ya kustaafu upimaji wa ardhi, alikuwa ananifunga hata sijakaa vizuri kwenye benchi. Mtu kama yule hakuliona aliloliona mhasibu kwa siku moja? Miaka yote ile alipita tu, hakula?

Nisaidie. "Alipenda ukuta" nimewaambia, hawakuandika hata kwenye karatasi.

Dobi

20 Agosti

Shemeji,

Nimefurahi mtoto amepona. Mwambie mama yake mkubwa wa huku analipa dawa kwa makofi. Mimi mzima. Mapazia yamekwisha, mwenye duka la rangi ameyalipia, amesimama mlangoni akitazama chumba cha mbele kwa jicho la mtu aliyeona chakula.

Barua yako ya Juni nimekaa nayo muda huu wote kwenye droo ya nyuzi. Nilikuwa naitoa, naisoma pale penye maneno ya Katibu, nairudisha. Kaka yako aambiwe hakujua. Nisingeandika haya ninayoandika kama si neno hilo.

Alijua. Farasi hawakutoka kwa sababu farasi ni lazima umwinue.

Ilianza na kikombe. Chai ilikuwa inamwagika kwenye kisahani, akasema kikombe kina kasoro, tukanunua vingine. Kisha ikawa funguo, kisha vifungo vya shati. Mkono wa kulia ulikuwa ukiegemea kitu unatulia, ukiwa hewani unatetemeka kama jani. Tulikwenda kwa daktari wa mbali, si wa hapa, ili tusikutane na mtu. Daktari alituambia utaongezeka, na ukaongezeka.

Sasa fikiri mwenyewe. Kinyozi. Nani atampa shingo? Wembe aliuacha kabisa, akawatangazia wateja kwamba wembe unaleta vipele, yeye sasa ni wa mashine na kitana tu. Kunyoa aliweza, maana kiganja kinaegemea kichwa cha mtu. Ubaoni ndipo palipokuwa na hatari. Ukiinua farasi umvushe juu ya wenzake, mkono uko hewani na duka zima linautazama. Askari humwinui. Unaweka kidole kimoja nyuma yake unamsukuma. Askofu anateleza, ngome inateleza. Farasi harukishwi kwa kidole. Na kula ni mateso, maana lazima umtoe wa mwenzako, umweke wako, vyote hewani. Kwa hiyo akatafuta mchezo ambao mtu anaweza kuucheza muda mrefu bila kuinua kitu na bila kula. Akaupata. Alikaa jioni nyingi akiutafuta, na mimi nilikuwa nikiona kidole chake tu kikienda na kurudi. Ile "ondoa maiti yako mwenyewe" nayo ilitoka hapo. Nilicheka nayo pamoja na watu, nikiinamia cherehani.

Barua zako niliandika mimi, na macho yake hayakuwa na tatizo lolote.

Tuliahidiana jambo hili likae kati ya watu wawili. Wewe hasa hakutaka ujue. Alisema, Dobi ataacha kazi aje anishike mkono, na watoto wake watasoma kwa fedha gani? Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi, yeye hayupo.

Hilo ndilo wazo, na naomba usilichape. Alijificha miaka yote ile ili asionekane, sasa mimi nimtoe uchi maktaba? Nataka jina lake liwe pale, na sitaki sababu yake iwe pale. Najua nimekufunga mikono. Sina namna nyingine ya kulisema.

Shemeji yako

9 Oktoba

Shemeji,

Sisi wazima.

Nilipiga simu siku zile za mwisho za kaka nikauliza anaumwa nini, ukaniambia ni homa, imeingia kifuani. Nikaomba ruhusa kazini, wakasema homa si sababu, nisubiri wiki. Nikasubiri, naye hakunisubiri. Ungesema mkono ulikuwa unatetemeka miaka yote ile, kwamba hata kikombe kilikuwa kinamshinda, ningeondoka usiku ule bila ruhusa ya mtu. Hili nalisema mara moja tu. Sitalirudia, na sitaki ulijibu.

Mke wangu alinikuta nimekaa chumba cha pasi, mvuke umejaa, mashine inanguruma bila shuka. Alizima mashine.

Kuhusu jarida. Nimemwendea Katibu nikamwambia wazo lipo, lakini ni la familia. Akasema klabu haichapi mambo ya siri, itachapa sababu au haitachapa ukurasa. Amenipa hadi wiki ya kwanza ya mwezi ujao. Siwezi kuandika uliyoniambia, na uongo siandiki juu ya kaka yangu. Kwa hiyo kama hakuna kitakachobadilika, ukurasa utaondolewa na jina halitakuwapo. Nataka uwe umelijua hilo mapema, lisije likakufikia likiwa limekwisha kuwa.

Lakini lipo jambo limeninyima usingizi. Mkono unaeleza hatua za kaka. Hauelezi hatua za wengine. Mpima hakuwa na mkono mgonjwa. Alikuwa na askari mezani wa kuliwa, akampita. Kwa nini? Na si yeye tu, barua zote ulizoniandikia zinasema "mteja akapita", "mteja akapita". Hakuna hata mmoja aliyekula. Yuko hai bado? Kamuulize.

Dobi

24 Oktoba

Shemeji,

Hii nampa mtu anayesafiri kuja huko ili isicheleweshwe. Ulisema nisijibu, sijibu. Lakini nimelisoma na nimelibeba.

Nilikwenda kwa Mpima. Yupo, amekuwa mwembamba, anatembelea fimbo ambayo ukiitazama vizuri ni ile ile ya kupimia ardhi, ina alama nyeupe na nyekundu. Nilimkuta akigombana na jirani juu ya ua, na kwa fimbo hiyo jirani hana hata pa kuanzia. Aliponiona akasema, "Karibu, Mama Kinyozi, umekuja kunidai ndevu?" Nikakaa. Nilimzungusha kwanza, habari za mifupa, habari za wajukuu. Mwishowe nikamwuliza kana kwamba ni jambo dogo: mzee, ule mchezo wa marehemu, askari wa tatu anapofika pale, kwa nini wewe hukula?

Alichora mstari ardhini kwa ile fimbo. Kisha akasema:

"Nikimla, naye lazima anile. Na kunila ni kuinua."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Nikamwambia aseme tena, akasema tena yale yale.

Shemeji, walijua. Alinieleza siku yenyewe, mimi nilikuwa nimekwenda kununua vifungo. Kaka yako alimwinua farasi, farasi akampiga malkia, malkia akaanguka mpaka miguuni pa Muuza Magazeti, na mfalme naye akamfuata. Kaka yako akasema, "Upepo huu." Dirisha lilikuwa limefungwa. Muuza Magazeti akaokota kete zote mbili, akazirudisha ubaoni, akasema kweli, leo upepo ni mwingi. Na mwokaji aliyekuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa, naye akasema ni mwingi.

Nikamwuliza, mkapatana? Mpima akasema hakuna aliyepatana na mtu. Hawakulizungumza hata wakiwa njiani kurudi makwao. Ila Jumamosi iliyofuata kaka yako alipoanza kusukuma askari kwa kidole, aliyekaa mbele yake naye akasukuma kwa kidole. Aliyekula alitazamwa na wenzake kama mtu aliyechukua kipande kikubwa sahanini. Mara moja kijana mgeni alikaa, akala, akatoa farasi. Mwokaji akamwambia, "Mdogo wangu, hapa hatuchezi kwa njaa." Hakurudia. Kwa hiyo nusu ya ufunguzi ule aliitengeneza kaka yako kwa kujificha, na nusu nyingine waliitengeneza wao kwa kujifanya hawaoni. Mpima anasema nusu yao ndiyo ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu ilibidi wampite na bado wampe upinzani, wasimwachie bure, angetambua. Alipowafunga, aliwafunga kweli. Hilo aliniapia.

Nikamwuliza, na ndevu je, kinyozi alipoacha wembe? Akasema ndevu alinyoa kwake asubuhi, kisha akaja kukaa kwenye kiti achanwe nywele ambazo hakuwa nazo.

Ndiyo maana huko kwenu unapigwa. Mhasibu wenu hana kosa, hakumjua.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilifurahi kwa ajili yake. Na nilikuwa nimenyang'anywa kitu, Shemeji. Nilidhani miaka yote siri ile tuliibeba wawili, mimi upande huu na yeye upande ule, na alipokufa nikabaki nimeubeba mzigo peke yangu, na uzito wake ndio ulionifanya nijue bado ni mke wa mtu. Kumbe duka zima lilikuwa limeshika pembe.

Basi chapa. Chapa sababu. Siwezi kumficha watu waliokwisha kumwona na wakamtunza. Ila jina libadilishe. Nililitaka liwe lake peke yake, nililitaka sana, unajua. Si haki. Andika: Ufunguzi wa Kinyozi na Wateja Wake.

Na pale utakapotaja mkono, usiandike "mgonjwa" kama ulivyoandika kwangu. Andika "unatetemeka". Neno mgonjwa hakulipenda.

Shemeji yako

15 Desemba

Shemeji yangu mpendwa,

Nakusalimu, na wote wa huku wanakusalimu. Ndani ya bahasha utakuta jarida, ukurasa wa kumi na tisa. Haikuwa rahisi. Katibu alisoma nilichoandika, akavua miwani, akasema inasikitisha lakini ufunguzi unaohitaji mpinzani awe mwema si ufunguzi. Mhasibu ndiye aliyejibu, mkoba mapajani: "Basi uchapeni kwenye ukurasa wa makosa. Lakini uchapeni." Wakabishana hadi mpishi akaja kudai bwalo lake. Mwisho wakakubaliana uchapwe pamoja na onyo.

Nakunukulia, kama miwani yako bado ni ile iliyofungwa uzi:

"Ufunguzi wa Kinyozi na Wateja Wake. Ulichezwa katika chumba kimoja cha kunyolea na haujulikani kwingine. Mweupe hainui kete wala hali, kwa kuwa mkono wake unatetemeka. Mweusi anaweza kula katika hatua ya nne na kushinda. Katika chumba hicho hakuna mteja aliyekula, kwa kuwa wote walijua. Wanachama wanashauriwa wasiutumie mashindanoni."

Mstari wa mwisho ni wa Katibu. Nilikasirika nilipouona, sasa sijakasirika tena. Naona ni kweli.

Sasa yeye huyo huyo Katibu amenogewa. Anauliza kama kaka aliacha funguzi nyingine, maana mwaka ujao ukurasa wa funguzi utakuwapo tena. Nimemwambia nitakuuliza.

Mwezi wa tatu nimepewa likizo. Nitakuja. Nitakaa kwako siku zote nilizopewa, na utanipeleka pale alipo.

Dobi

17 Januari

Shemeji,

Nimelipata jarida, halikulowa. Nimelisoma mara nyingi. Nilimpelekea Mpima, akalisoma kwa kidole, akasema hatua ya nne ni sahihi, hawakukosea kipimo. Kisha akaomba abaki nalo mpaka kesho, akamwonyeshe mwokaji. Nikamwachia. Muuza Magazeti tulimzika mwaka juzi, ningependa naye angeliona.

Chumba cha mbele nimempangisha mwenye duka la rangi. Alifurahi mpaka akasahau kunitania. Makopo yanaingia Jumatatu. Viti wamekuja kuchukua kinyozi wa kule sokoni na mwanafunzi wake, nilivikwangua kwanza chini, nikatoa nywele zote zilizokuwa zimebaki kwenye maungio. Nyingine zilikuwa nyeupe, za Mpima nadhani, kabla hajazimaliza.

Njoo. Kitanda utakachokuta ni kile kile kinacholia ukigeuka. Goti langu litakupeleka kaburini polepole, si mbali, ila kuna kilima. Nimepanda maua yasiyohitaji maji mengi.

Umeuliza kwa niaba ya Katibu kama kuna ufunguzi mwingine. Upo mmoja. Huo alicheza na mimi tu, tukishafunga mlango na kufagia. Hukujua kwamba nacheza, na hakuna aliyejua. Katika huo farasi walitoka mapema, wote wawili, hatua za mwanzo kabisa. Aliwainua. Wakaanguka, wakaangusha na wengine, tukawaokota chini ya viti, tukaanza tena pale tulipofikia, au pale tulipodhani tumefikia. Tulikula kila kitu. Hakuwahi kunifunga na mimi sikuwahi kumfunga, maana hatukufika mwisho hata mara moja.

Hatua zake nazikumbuka zote. Mwambie Katibu sikujibu.

Shemeji yako